Meno Mawili ya Chini

Ledama ni afisa mifugo wa kata, mtu mrefu, mpole wa maneno, mwenye mkono mwepesi wa sindano kiasi kwamba ng'ombe huchomwa huku bado anacheua. Kwao ni uwandani, upande wa Ruvu, kwenye maboma ya wafugaji ambako milima ya Upare unaiona kutwa nzima lakini mvua yake hukupita juu juu. Alipomaliza chuo, kazi ya kwanza ilimpandisha huko huko milimani, Mhezi, kwa wakulima wanaofuga ng'ombe mmoja au wawili bandani na kuwakatia majani.

Kama wengi wa rika lake, Ledama aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini akiwa mtoto wa miaka saba. Nyumbani hakuna aliyeona kuwa amepungukiwa. Wazee waliambiwa na wazee wao kwamba mtu akipatwa na pepopunda, taya likakaza, maziwa na dawa hupitishiwa hapo. Mama yake naye alikuwa hivyo hivyo, na baba yake, marehemu, hali kadhalika. Ledama aliishi na uwazi ule kama mtu anavyoishi na jina lake, mpaka siku aliyokwenda kwa mama mmoja wa Mhezi aitwaye Rogathe.

Ng'ombe wa Rogathe alikuwa amevimba kiwele. Ledama alimtibu, akanawa, akakaribishwa makande na chai ya maziwa. Alipokuwa anacheka jambo fulani, Rogathe akamtazama mdomoni kwa huruma, akaweka kikombe chini.

"Pole sana, mwanangu. Hayo meno, ulipata ajali?"

Swali lilikuwa la upendo mtupu, na Ledama angeweza kulijibu kwa sentensi moja. Lakini palikuwa na binti wawili wa Rogathe, wasomi, pale mezani, wote wanamwangalia, na jibu lililomtoka hakulipanga.

"Ndiyo, mama. Pikipiki."

"Jamani! Mungu ni mwema, ungekufa wewe." Rogathe akafunga macho papo hapo akamwombea, akataja na pikipiki yenyewe kwenye sala. Ledama akaitikia amina.

Aliteremka mlima siku ile uso umemwaka moto. Hakuna aliyemcheka, hakuna aliyemtukana. Yeye mwenyewe ndiye aliyewakana watu wake mbele ya bakuli la makande, bila kulazimishwa na mtu. Ungedhani aibu ya namna hiyo ingemrudisha kwenye ukweli. Badala yake ilimfanya alichukie lile pengo. Akaanza kujiangalia kwenye kioo cha pikipiki. Akaanza kucheka mdomo umefumba.

Mwaka uliofuata alikwenda kwenye kliniki moja ya meno mjini Moshi. Alimkuta daktari aitwaye Anaeli, mtu asiye na haraka, aliyemweleza njia zote: meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, meno ya kuunganishwa na ya jirani, na meno ya kupandikiza, ambayo skrubu ndogo ya titani huingizwa kwenye mfupa wa taya, ikishikwa vizuri na mfupa ndipo jino huwekwa juu yake.

"Nataka yasiyovuliwa," alisema Ledama.

"Sawa. Taya lako ni zima, mfupa ni mwembamba kidogo ila unatosha. Lakini nisikilize. Watu wakishapandikizwa hudhani kazi imekwisha, kwa sababu jino hili halitoboki. Ni kweli, halitoboki. Ufizi wake je? Na mfupa? Hivyo ni vyako, ni nyama na mfupa kama zamani. Ukoga ukijikusanya pale chini, ufizi unavimba, na ukiuacha, mfupa unalika kimyakimya bila hata maumivu, mpaka skrubu inabaki haina pa kushika."

Ledama alisubiri miezi minne mfupa uzishike skrubu zote mbili, ndipo akawekewa meno. Siku hiyo Daktari Anaeli alimpa kioo kidogo na kumfundisha kwa vitendo: mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, uzi wa meno unaozungushwa shingoni mwa jino kama unavyomfunga ndama kamba, na kiburashi chembamba mfano wa kile cha kuoshea chupa, cha kupita katikati. Asivute sigara. Asifungulie chupa kwa meno. Na kila baada ya miezi sita aje akaguliwe, hata kama haumwi chochote.

"Hasa kama huumwi," aliongeza daktari.

Ledama alirudi akiwa mtu mpya, na kwa miezi kadhaa alifuata kila neno. Kisha ikaja barua ya uhamisho. Alipelekwa kata ya nyumbani, upande wa Ruvu, akahamia kwenye boma la mama yake.

Mama Ledama alimwona siku ya kwanza, kabla hata maziwa hayajamiminwa. Alimshika kidevu kama alivyomshika tangu utoto.

"Meno haya umeyatoa wapi?"

Ledama alimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaa, na lugha yao ndani ya boma ilikuwa hiyo. Angeweza kumwambia, yeyo, niliona haya mbele ya watu. Lakini atamwambiaje mama, ambaye naye amekaa pale mbele yake na uwazi ule ule, kwamba ameuonea haya? Akatafuta neno lisilomuumiza. Akapata baya kuliko yote.

"Daktari aliniambia pale palipong'olewa taya limeugua. Mfupa ulikuwa unaoza ndani kwa ndani. Ilibidi nipandikizwe."

Mama akamwachia kidevu. Akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyekushika kichwa," alisema. "Ulitaka kukimbia, nikakubana kwa magoti."

"Hukujua, yeyo. Yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Kuanzia siku ile Mama Ledama alibeba kosa ambalo halikuwepo. Asubuhi alikuwa akimshika binti yake Eunike taya, akalibonyeza huku na huku, akamuuliza kama panauma. Alipoteza hamu ya kula. Eunike, ambaye alikuwa ameolewa boma la jirani na alikuja kila siku kumsaidia mama kukamua, alimvuta kaka yake pembeni.

"Kaka, zungumza na yeyo. Mwambie sisi hatuumwi. Anajimaliza."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Na Jumapili moja, kwenye kanisa dogo la Kilutheri la mtaa wao, wakati wa maombi, Mama Ledama alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Alijifunika shuka vizuri, akasema kwa Kimaa:

"Nilimshika mwanangu kichwa kwa mikono hii meno yake yakatolewa. Nilidhani namkinga. Leo mwanangu ameambiwa na daktari kwamba mfupa wake ulioza kwa sababu hiyo. Nina watoto wanne, wote niliwafanyia. Naomba mniombee, na ninyi wenye wajukuu wadogo mfikiri."

 Mwinjilisti akamwombea. Ledama alikuwa kiti cha tatu kutoka mbele, mikono kati ya magoti, macho kwenye sakafu, na kila neno la sala ile lilimshukia kama kokoto. Angesimama. Alisema moyoni atasimama sala ikiisha. Sala ikaisha, kwaya ikaanza, akaimba na wenzake.

Baada ya hapo wazee wawili wa kike waliokuwa wakimtembelea mama yake tangu ujana waliacha kuja. Walisema amewahukumu, kwa kuwa nao waliwafanyia watoto wao vivyo hivyo. Mama Ledama hakuwafuata kujitetea. Alisema wana haki ya kukasirika.

Sasa hapo ndipo yale meno yalipoanza kuharibika, na si kwa bahati mbaya. Kila Ledama aliposhika mswaki wake na kile kiburashi, mama alitoka kwenye nyumba yake pale bomani akaja kusimama karibu, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Linauma?" Akimjibu hapana, mama anaitikia kwa kichwa na haondoki. Anaangalia kila kiburashi kinapopita, kana kwamba anahesabu adhabu yake. Ledama hakuweza kuvumilia. Akaanza kupiga mswaki harakaharaka, meno ya juu tu, mama asipate muda wa kufika. Uzi ukabaki kwenye begi. Kiburashi nacho kikasinyaa nywele, akakitupa na hakununua kingine. Alijiambia ni meno ya chuma na kauri, yatamfanya nini.

Kliniki ilimpigia simu muda wa ukaguzi ulipofika. Akasema yuko kwenye chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, atakuja. Wakampigia mara ya pili baada ya nusu mwaka. Akasema vilevile, na chanjo siku hiyo haikuwepo. Wiki hiyo hiyo alikuwa amemfokea mfugaji mmoja kwa kutomleta ndama kwa dozi ya pili.

Ishara zilikuwepo. Kwanza damu kidogo kwenye mate, akaona ni ya kawaida. Kisha ladha mbaya asubuhi, kama amelamba msumari wenye kutu. Kisha harufu. Aliigundua kwa jinsi watu walivyogeuza nyuso akiwaelekeza dawa ya kupe. Wenye adabu waligeuka polepole, wengine waliziba pua waziwazi. Akaenda duka la dawa Same mjini akanunua vidonge vya antibaotiki, ufizi ukatulia wiki moja, ukarudi kwa nguvu zaidi. Alipobonyeza kwa kidole, chini ya jino la kushoto pakatoka usaha. Na jino lenyewe likacheza.

Siku hiyo mama alimwona anajibonyeza. Hakumuuliza kitu. Alikwenda kubadilisha shuka, akavaa viatu vya safari.

"Tunakwenda kwa daktari wako," alisema. "Mimi nitakuwepo."

Alijaribu kila sababu. Safari ni ndefu, jua ni kali, daktari haruhusu watu wawili. Mama alikuwa ameshatoka nje ya boma.

Daktari Anaeli aliwapokea wote wawili, akamwamkia mama shikamoo, akamwekea kiti ndani karibu na miguu ya mwanawe. Akapima ufizi kwa kijiti chembamba chenye alama, kikazama kuliko kinavyotakiwa kuzama. Akapiga picha ya eksirei, akaiweka kwenye mwanga. Kuzunguka skrubu ya kulia mfupa ulikuwa umepungua kidogo. Kuzunguka ya kushoto palikuwa na kivuli cheusi kama shimo la mchwa.

"Ulikuwa unasafisha?"

"Kila siku, daktari."

Daktari akakwangua mara moja chini ya jino, akamwonyesha kwenye ncha ya chombo: ukoga wa manjano, mgumu kama chokaa.  Ledama akatazama dari.

"La kushoto nalitoa leo, halina pa kushika tena," alisema daktari. "La kulia tutalisafisha kwa kina, na ukiwa makini litapona. Ufizi ukivimba tu, ukasafishwa mapema, unarudi. Ungekuja wakati damu inaanza tungeyaokoa yote mawili."

Akamchoma sindano ya ganzi. Walipokuwa wanasubiri ganzi ishike, Mama Ledama akamgeukia mwanawe, akasema kwa Kimaa:

"Muulize daktari. Meno yale kung'olewa utotoni, ndiko kulikoleta huu uozo? Na ndugu zako nao wataoza? Muulize kosa langu ni kubwa kiasi gani. Asinifiche."

"Mama anasemaje?" aliuliza daktari.

Ledama alikuwa amelala kwenye kiti kile, taa usoni, mdomo wa chini umeanza kufa ganzi. Mama yake anamwangalia, daktari anamwangalia. Na yeye ndiye mkalimani.

"Anauliza," alisema, "kidonda kitapona baada ya siku ngapi."

"Ah. Mwambie kama wiki mbili, mama asiwe na wasiwasi."

Akamgeukia mama na kufungua kinywa atafsiri, lakini mama alimwinulia mkono. Mama Ledama alikuwa ameuza maziwa sokoni Same kwa miaka mingi. Watu walidhani Kiswahili chake kinaishia kwenye maziwa, na yeye hakuwahi kujisumbua kuwakosoa.

"Daktari," alisema kwa Kiswahili, taratibu, "mimi sikuuliza siku. Nimeuliza kosa langu."

"Kosa gani, mama?"

"La kumng'oa meno. Alisema wewe umemwambia taya limeoza kwa sababu hiyo."

 Daktari Anaeli akamtazama Ledama, na jicho lile halikuwa la hasira, ndiyo maana lilikuwa zito. Akavua glavu.

"Hilo, mama, mwenye kulijibu ni mwanao. Mimi niko hapo nje." Akatoka, akaurudisha mlango.

Ledama akainuka akakaa. Mdomo wa chini ulikuwa mfu kabisa, na alipojaribu kusema mate yakamchuruzika kidevuni bila yeye kujua. Mama akayaona, hakuyafuta. Akasubiri.

Alimwambia kwa Kimaa, kwa ulimi mzito kama wa mlevi, maneno yakimponyoka. Kwamba taya halikuwahi kuugua. Kwamba hakuna daktari aliyesema vile. Kwamba mama mmoja Mhezi alimuuliza, naye akasema ni ajali, kisha akaona haya kwa alivyo, na alipofika nyumbani akaona haya kusema aliona haya. Kwamba siku ile kanisani alikuwepo, akasikia yote, akanyamaza.

"Kwa hiyo ulinionea haya mimi," alisema mama.

"Hapana, yeyo."

"Meno yangu ni haya haya." Akafumbua midomo, akamwonyesha. "Hapana ipi?"

 Machozi yakaungana na mate, na kwa ganzi ile hakuweza hata kuubana mdomo alie kiume. Daktari aliporudi alimkuta hivyo.

"Daktari," aliuliza mama, "basi taya lake lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima kabisa, mama. Pale palikuwa pamepona vizuri tangu utotoni. Hii ya leo imeletwa na kutosafisha, si na wewe."

"Asante." Akainuka, akakunja shuka lake, akatoka kukaa kwenye benchi la ukumbini wakati skrubu inatolewa.

Kwenye basi la kurudi walikaa kiti kimoja. Milima ilikuwa upande wa mama, naye aliiangalia tangu Moshi mpaka Same bila kugeuza shingo. Mara moja tu, damu ilipoloweka pamba aliyoing'ata, alitoa leso kifuani akamwekea mapajani, bado anaangalia nje. Walipokaribia kushuka ndipo aliposema.

"Jumapili utasimama. Mimi nilisimama."

Jumapili alisimama. Hakuwa na ganzi ya kusingizia. Alikuwa na pengo jipya na jino moja pembeni yake, na kila mtu aliliona aliposema. Alieleza kwa kifupi, kwa sababu maneno marefu yangekuwa ya kujipamba. Alisema mama yake alisimama pale akajilaumu kwa sababu ya uongo aliomwambia yeye. Nyuma mtu alicheka kidogo, akanyamazishwa. Eunike aliinamisha kichwa, na walipotoka hakumngoja. Hakumsemesha kwa karibu mwezi mzima. Mmoja wa wale wazee wawili alikuja bomani jioni ile na kibuyu cha maziwa, akaketi na Mama Ledama. Mwingine hajaja mpaka leo.

Imepita zaidi ya mwaka. Ledama anasafisha lile jino moja asubuhi na kabla ya kulala, uzi na kiburashi, mbele ya yeyote aliyepo. Vijana wachache wa maboma ya jirani wenye meno ya kupandikizwa au ya kuunganishwa humuuliza, naye huwaambia alichoambiwa: msingoje maumivu, damu ya kwanza ndiyo ya kuwapeleka. Hawaambii mengine. Kwenye ukaguzi wake wa mwisho, Daktari Anaeli alipima ufizi, kijiti hakikuzama, na hapakutoka damu.

"Mfupa umetulia," alisema daktari. "Ukitaka, tunaweza kulirudisha na la kushoto."

Ledama aliomba apewe muda wa kufikiri. Ukweli ni kwamba hajui analitaka kwa ajili ya nani, na mtu wa kumuuliza ni mmoja tu, mama yake. Huyo wanakula naye, wanahesabu mifugo naye, wanacheka naye siku nyingine. Lakini Mama Ledama hajawahi kumwambia kwamba amemsamehe, na yeye hajapata ujasiri wa kumuuliza.